Kiti cha Mfalme Sebuleni Kwetu Euless

Harufu ya nta ndiyo iliyotangulia kuingia mlangoni, kiti kikafuata. Haikuwa nta ya mshumaa. Ilikuwa nta ya kung'arishia mbao, iliyopakwa juu ya nta nyingine kwa miaka ambayo hakuna aliyebaki hai wa kuihesabu, na chini yake mlikuwa na tumbaku kidogo, na chini ya tumbaku kitu kinachofanana na ndani ya kabati la kanisa, pale vitambaa vya meza ya Bwana vinapokunjwa na kusahauliwa. Nyumba yetu ya Euless, Texas, haikuwa na harufu za namna hiyo. Ilinukia zulia la nyumba ya kupanga, lililolowa na kukauka chini ya wapangaji wengi kabla yetu, na sombe la Mama, yale majani ya muhogo yanayochemka tangu asubuhi hadi dirisha likatoka jasho. Juu ya paa ndege zilishuka moja baada ya nyingine kuelekea uwanjani, vikombe vikatetemeka kabatini, na sisi tukanyamaza kidogo katikati ya sentensi, kisha tukaendelea. Nilikuwa na miaka kumi. Shule zilikuwa zimefungwa kwa majira ya joto, lami ya maegesho ilikuwa laini kama ugali ambao haujaiva, na mimi, Faida, mtoto wa pekee wa wazazi waliofanya kazi zamu tofauti, nilikuwa na siku nzima ya kukitazama kiti hicho.

Kilitoka Houston. Dada mkubwa wa Mama, ambaye mimi namwita Mama Mkubwa Josefina, alikuwa akimhudumia mjane mmoja wa Kizungu aliyeitwa Evelyn: kumwogesha, kumpikia, kumpa dawa, kumsikiliza. Mjane huyo alipohamia kwenye nyumba ya kutunzia wazee, watoto wake waliuza nyumba yake kubwa, naye akasema kila aliyemtumikia achukue kitu. Mama Mkubwa aliambiwa achague kati ya televisheni mpya na kiti cha kuchonga kilichokaa karibu na dirisha. Televisheni ilikuwa kubwa kama mlango. Akachagua kiti, kwa sababu Mama Evelyn alimwambia kwamba babu wa marehemu mumewe alikinunua Ulaya siku vyombo vya jumba moja la kifalme vilipokuwa vikiuzwa. Mfalme yupi, wa nchi ipi, Mama Mkubwa hakuuliza. Kwake neno mfalme lilitosha. Chumba chake kilikuwa kidogo, kiti hakikuenea, basi akampigia Baba simu. "Shemeji," akamwambia, "ninyi ndio ukoo wa viti. Njoo uchukue mzigo wenu."

Tulikwenda kukichukua kwa basi dogo la kanisa, Baba na Mama mbele, mimi nyuma. Nakumbuka jinsi wanaume wanne walivyokitoa, wakihema, na jinsi mikono yao ilivyotafuta mahali pa kushika bila kuumiza nakshi. Kilikuwa kirefu kuliko mimi. Egemeo lake lilichongwa mizabibu iliyopanda kutoka chini hadi juu, na pale juu kabisa palikuwa na taji dogo, na chini ya taji uso wa mwanamke aliyefumba macho kama anayesikiliza wimbo. Mikono ya kiti iliishia kwa vichwa vya simba, lakini simba hao walikuwa wameshikwa na watu wengi mno hata pua zao zimefutika, wamebaki laini kama mawe ya mtoni. Miguu yake ilikuwa minene, imesimama kama miguu ya mtu aliyeamua kutohama. Baba alikiweka kwenye safu ya katikati ya basi, akakifunga mkanda wa usalama, akauvuta mara mbili kuhakikisha. Mama akamwangalia. "Mimi tangu tuoane hujawahi kunifunga mkanda," akasema. Baba aliwasha gari. Aliendesha polepole kutoka Houston mpaka Euless, malori yakitupita kwa hasira, na kila tulipopita daraja alimtazama mgeni wake kwenye kioo.

Ili mtu aelewe ujinga wetu, kama ulikuwa ujinga, ni lazima ajue tulikotoka. Katika milima yetu juu ya Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo, mfalme wetu huitwa mwami, na mwami huwa na kigoda chake. Baba yake Baba, babu yangu ambaye sikumwona, alikuwa mbeba kigoda. Mwami akienda kusuluhisha ugomvi wa mashamba, babu alitangulia na kigoda kichwani. Mwami akifika, babu alikiteremsha, akakifuta kwa kiganja, akasogea kando akaketi chini. Maisha yake yote alibeba kiti na hakukikalia. Hata njiani, peke yake, mgongo ukimuuma, alikiweka kigoda juu ya jiwe safi, yeye akaketi kwenye udongo kando yake. Kiti cha mwami hakikaliwi na mwingine, hakipewi mgongo, na hata kikiwa kitupu husalimiwa kwa kupiga makofi ya polepole, viganja vimekunjwa ili sauti itoke nzito. Sijui kama ndivyo ilivyokuwa kwa kila ukoo. Ndivyo tulivyofundishwa sisi.

Basi kiti cha mfalme asiyejulikana kikawekwa sebuleni kwetu, ukutani, mkabala na mlango, na sheria za milimani zikakifuata. Hakuna kukaa. Hakuna kutupia koti. Ukitoka sebuleni, utoke kinyumenyume hadi umepita kizingiti, jambo lililonifurahisha sana mimi na kumchosha Mama aliyekuwa amebeba sufuria. Habari zikaenea, maana Mkongo akipiga chafya Euless, Abilene wanamwombea. Jumapili baada ya ibada walikuja watu wa kwetu kutoka Fort Worth, kutoka Mesquite, wengine bado na sare za ghala, wakavua viatu mlangoni, wakapiga makofi yale mazito mbele ya kiti kitupu, kisha wakakaa kwenye zulia na kula. Wazee wawili walilia. Walikuwa hawajayasikia makofi hayo tangu vita.

Jirani yetu wa mlango wa pili, nesi wa Kikenya aliyeitwa Wanjiku, ndiye peke yake aliyeingia na viatu. Aliwahi kutukuta sote tumebanana sakafuni, Baba na jasho la kazini, na kiti kimekaa peke yake kama bwana harusi aliyekimbiwa. Akatazama kiti, akatutazama sisi.

"Papa Faida, hebu niambie. Hiki kiti kinalipa renti?"

"Mama, hiki ni kiti cha mfalme."

"Si ndiyo nauliza! Mfalme ndiye wa kulipa renti. Nyinyi mnalipa na mnakaa chini."

Mama alicheka hadi akashika ukuta. Baba naye alitabasamu, lakini alisema, "Mwacha mila ni mtumwa," na neno hilo lilikuwa mwisho wa mazungumzo. Nilikuwa mdogo kuelewa kwa nini alihitaji kiti kile. Sasa naelewa. Kazini kwake, kwenye maghala ya uwanja wa ndege, vijana wenye umri wa kuwa wanawe walimwita kwa vidole na miluzi kwa sababu jina lake liliwashinda. Alipofika nyumbani alikuwa tena mtoto wa mbeba kigoda, mtu mwenye kitu cha kulinda. Sikumbuki hata siku moja aliyoingia bila kukisalimia.

Katikati ya joto lile akaja Nyanya, mama yake Baba, kutoka kambi ya wakimbizi ya Tanzania tulikomwacha. Tulimpokea uwanjani kwa nyimbo na kitenge kipya, naye akatoka kwenye kiti cha magurudumu, akisukumwa na mfanyakazi, kichwa kimeinuliwa juu kama amebeba mtungi. Nyonga yake ilivunjika kambini na kuunga vibaya. Aliweza kutembea kwa fimbo, hatua fupi fupi za mtu anayepita kwenye matope, ila hakuweza kuinuka kutoka mahali pa chini. Hilo hatukulijua mpaka tulipomketisha kwenye sofa letu. Sofa hilo tulipewa na kanisa. Lilikuwa limechoka, ukilikalia linakumeza. Nyanya alizama hadi magoti yakapita kifua, na alipotaka kuinuka ilibidi Baba amshike makwapa na Mama ashike kiuno, wakimvuta kama gunia kutoka kisimani. Alisema asante. Hakututazama machoni alipoisema.

Siku ziliendelea hivyo. Baba aliondoka mapema, Mama aliondoka adhuhuri kwenda kazini kwake Irving, na kuanzia hapo tulibaki sisi wawili. Nyanya aliniita mke mwenzangu, kama nyanya wa kwetu wanavyowaita wajukuu wa kike wa watoto wao wa kiume, na kutwa nzima tulimsengenya mume wetu, babu yule aliyekufa: jinsi alivyokoroma, jinsi alivyoogopa vyura, jinsi alivyoweza kubeba kigoda mlima mzima lakini akalalamika akitumwa kuni. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Lakini niliona jambo ambalo sikujua nalitaje. Nilipomletea maji, aliyapokea kwa mikono miwili, akalowesha midomo, akaweka kikombe chini. Jioni kikombe kilikuwa bado kimejaa. Baadaye hakutaka hata kutoka kitandani. Alisema mwili wa safari bado haujafika. Mimi nilikuwa mwembamba kama ufito, sikuweza kumwinua, naye alilijua hilo kabla yangu. Mtu asiyekunywa hahitaji kwenda chooni, na mtu asiyekwenda chooni hahitaji kubebwa na mtoto. Ndivyo alivyolipanga, kimya kimya, kwa heshima yake. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini Nyanya hakuwa anaficha maradhi. Alikuwa anaficha aibu, nayo huumbua upesi zaidi.

Alasiri moja alianza kuongea na watu wasiokuwepo. Nikakimbia kwa Wanjiku, aliyekuwa amelala baada ya zamu, akaja na kanga na nywele zimesimama, akamfinya Nyanya ngozi ya mkono, akaona inavyobaki imekunjika. Nyanya alilazwa hospitali, wakamtia maji mishipani, akarudi. Jioni aliyorudi, Wanjiku alisimama katikati ya sebule na hakufanya mzaha.

"Sikizeni. Huyu mama akiendelea kulala hivi, miguu itasahau. Ikisahau, hataamka tena. Mimi naona hii kila siku kazini. Anataka kiti cha juu, kizito, kiko na mikono ya kushika, ajiinue mwenyewe. Akiweza kujiinua, atakunywa maji. Akikunywa maji, ataishi. Ni hivyo tu."

Hakuna aliyetazama ukutani, na kila mtu alijua wenzake wanakwepa kutazama nini. Baba alijitahidi kwanza kwa njia nyingine, na namshukuru kwa kujitahidi. Alileta kiti cha plastiki cha bustani. Kiliteleza na kujipinda Nyanya alipoegemea mkono. Alileta kiti cha ofisi kilichotupwa karibu na majalala. Kilikuwa na magurudumu, kikamkimbia Nyanya akiwa nusu amesimama, Mama akamdaka. Kiti cha wagonjwa cha kupewa na bima kilihitaji makaratasi ambayo bado yalikuwa safarini. Hatimaye, jioni moja, Baba alisimama mbele ya mama yake, akaelekeza mkono kwenye kiti cha mfalme. Alisema kwa sauti ndogo, "Mama, kaa pale."

Nyanya alikuwa kitandani, mlango wa chumba uko wazi, akakiona kiti kutoka alipolala. "Baba yako," akasema, "alibeba kiti tangu hajaota ndevu mpaka ndevu zikawa nyeupe. Alipokuwa anakufa nilimwambia, mume wangu, mwami amekimbilia ng'ambo, kigoda kiko hapa, kaa angalau upumzike. Akakataa. Sasa mimi mkewe nije nikae Marekani kwa sababu magoti yananiuma? Nikikutana naye nitamwambia nini? Kwamba alichoka bure?"

Baba aliketi chini, kando ya kitanda. Mama, ambaye kawaida huwaachia wakwe zake maneno yao, ndiye aliyeuliza: "Mama mkwe, hakuna njia yoyote? Kwenu hakuna aliyewahi kukikalia kiti kisicho chake akabaki salama?"

"Njia ipo moja," Nyanya akasema. "Mwenye kiti akushike mkono mwenyewe, akuketishe. Hapo si wewe uliyekaa, ni yeye aliyekukalisha. Mwenye kiti hiki yuko wapi?"

"Mfalme wake alikufa zamani," Baba akasema.

"Na aliyekuja nacho?"

"Ni Josefina aliyetupa."

"Josefina alikikalia?"

"Hapana. Aliogopa."

"Basi huyo hakuwa mwenyewe. Alikuwa mbebaji tu, kama baba yako. Nawauliza mwenye kiti."

Mama alikuwa ameshashika simu. Mama Mkubwa akajibu kutoka Houston kwamba Mama Evelyn yu hai, akili yake ni nzima, ni miguu tu iliyomwacha, na Jumamosi wageni wanaruhusiwa. Mama akazima simu, akamgeukia Baba. "Funguo za basi la kanisa ziko kwa nani?"

Hivyo tulikirudisha kiti Houston, na Nyanya pamoja nacho. Sijawahi tena kuona safari ya namna ile. Kiti kilifungwa mkanda safu ya katikati, Nyanya akafungwa mkanda safu ya nyuma yake kwa sababu alikataa kukaa mbele ya kiti cha mwami, na mimi nikawa kando yake kati ya mito miwili ya kulalia, nikimshikilia asiteleze. Wanjiku alitupa chupa za maji na maagizo. Nyanya hakunywa. Alitazama uwanda wa Texas ukipita, ng'ombe, matangazo, vituo vya mafuta vikubwa kama soko, akaniuliza, "Mke mwenzangu, nchi hii milima yao waliipeleka wapi?"

Nyumba ya wazee ilikuwa na ukumbi wenye paa mbele, feni zikizunguka polepole juu. Mama Evelyn alikuwa akitusubiri katika kiti chake cha magurudumu, mdogo kuliko nilivyodhani, amepaka rangi nyekundu midomoni, na alipoona kiti kinashushwa alipiga kelele ya furaha kama mtu aliyeona mtoto wake akitoka shuleni. Baba alinisukuma mbele, kwa kuwa Kiingereza changu ndicho kilichokuwa na meno. Nikamweleza kwa adabu yote niliyokuwa nayo kwamba huyu ni nyanya yangu, kwamba kiti hiki ni cha mfalme, kwamba kwetu mtu hawezi kukaa kwenye kiti cha mfalme mpaka mwenyewe amkaribishe, na kwamba nyanya yangu hawezi kuinuka popote pengine. Mama Evelyn alinisikiliza kwa makini. Kisha akasema maneno ambayo yalinifanya nigeuke kumtafuta Baba.

Baba aliyaelewa. Nilimwona akiyaelewa. "Faida," akaniambia taratibu, "hilo liache."

"Liache lipi?" Nyanya akauliza. Alikuwa amesimama kwa fimbo, Mama na Mama Mkubwa wakimtegemeza pande zote mbili. "Mwenye kiti amesema nini?"

Nilimtazama Baba, nikamtazama Nyanya. Alikuwa amesafiri nchi nzima isiyo na milima kuja kusikia neno la mwenye kiti, na sikuona ni kwa haki gani ningempunguzia. Nikasema, "Anasema usiogope, Nyanya. Mbwa wake alikuwa analala humo."

Feni zikazunguka. Mama Mkubwa akaziba mdomo. Uso wa Nyanya haukubadilika, kisha mabega yakaanza kutikisika, na nikadhani analia, mpaka sauti ikatoka. Alicheka kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kutoka kwake, cha msichana aliyekaa mtoni na wenzake. "Mbwa!" akasema. "Baba Faida, mwanangu, umekuwa unatembea kinyumenyume mbele ya mbwa!" Baba aliinamisha kichwa, na yeye pia akaanza kucheka, machozi yakimtoka, mkono umeshika nguzo. Mama Evelyn hakujua tunachekea nini, lakini alicheka zaidi ya wote, maana kicheko hakihitaji mkalimani.

Nilidhani mambo yameisha hapo, kwamba Nyanya ataketi sasa. Hakuketi. Alijifuta macho kwa ncha ya kitenge, akawa mtu mzima tena. "Mbwa hana mila," akasema. "Mimi ninayo. Mwambie anishike mkono."

Nikamwambia. Mama Evelyn akaacha kucheka. Akasukuma magurudumu yake mwenyewe mpaka kando ya kiti, akanyoosha mkono wake, mweupe, wenye madoa ya uzee na pete iliyolegea, na Nyanya akauweka wake juu, mweusi, mgumu, wenye kovu la jembe. Wote wawili walikuwa na miguu isiyowatii. Mmoja akavuta kidogo, mwingine akageuka kidogo, wakasubiriana. Nyanya akashuka taratibu, akagusa vichwa vya simba kwa viganja, akaketi. Nyayo zake zilifika sakafuni barabara. Mgongo wake ulienea kwenye mizabibu. Akafumba macho, na mimi nilijua anamweleza mume wetu jambo.

Kisha akasema, "Niacheni." Mama akarudi nyuma, Mama Mkubwa akarudi nyuma. Nyanya akabana viganja vyake juu ya wale simba wasio na pua, akainama mbele, na polepole, bila mkono wa mtu yeyote, akasimama.

Baba alipiga magoti palepale kwenye saruji, akaanza yale makofi mazito. Mama akafuata, na Mama Mkubwa, na mimi. Mama Evelyn akaniuliza tunafanya nini. Nikamwambia ndivyo kwetu tunavyomsalimia mfalme. Akauliza kama anaruhusiwa. Akapiga makofi pamoja nasi, kwa viganja vilivyonyooka, vibaya kabisa, mpaka mwisho. Wakati wa kuagana Baba alikusanya Kiingereza chake akamuuliza kama kweli kiti kilitoka kwa mfalme. Mama Evelyn akainua mabega. Alisema mumewe ndivyo alivyosimulia siku zote, ila mumewe huyo huyo alisimulia pia kwamba aliwahi kuvua samaki mrefu kama gari lao. Mpaka leo hatujui. Njiani kurudi, tulipovuka daraja la kwanza, Nyanya aliomba chupa ya maji, akainywa yote, kisha akaomba nyingine, na ilibidi tusimame kwenye vituo vingi sana. Baba alisimama kila alipoambiwa. Hakuna aliyelalamika.

Nyanya aliishi nasi miaka mingi baada ya hapo, na kila asubuhi ya miaka hiyo alijiinua mwenyewe kutoka kwenye kiti kile, akaenda alikotaka: jikoni kumkosoa Mama, mlangoni kumtania Wanjiku, kanisani kwa fimbo yake. Watu wa kwetu waliendelea kuja na kupiga makofi, na sasa palikuwa na mtu wa kuwajibu. Amezikwa huku Texas, kwenye ardhi tambarare aliyoishangaa. Mama Evelyn alimtangulia. Mwaka huu amewafuata Baba, na ndiyo sababu ninaandika haya, kwa kuwa sijui kulia mbele ya watu na simu za pole zimeanza kupungua. Nilikuwa nimerithi kiti kwa mkono wa Nyanya, nacho kiko kwangu Mesquite. Figo zilipomdhoofisha Baba, nilimnyooshea mkono nikamwambia, njoo nikuketishe, mimi ndiye mwenye kiti sasa. Aliushika mkono wangu, akaubusu, akaurudisha. Alileta kiti chake cha kukunja, akakaa kando, kiwiko kimeegemea kichwa cha simba. Sikumsukuma. Mtu hujikuna ajipatapo, na pale ndipo mkono wake ulipofika.

Mimi sikusoma sana. Nilimaliza shule ya sekondari, nikaingia kazi ile ile ya Mama Mkubwa, na siku hizi ninawahudumia wazee katika nyumba yenye viti vya umeme. Unabonyeza kitufe, kiti kinamwinua mtu chenyewe, na hakuna anayelazimika kumwomba mwenzake mkono. Ni jambo jema. Nikiwaza Nyanya na kile kikombe kilichojaa maji, siwezi kusema vingine. Ila ninapobonyeza, huwa nampa mzee mkono pia, hata kama hauna kazi, na wengi wao huushika.

Mwanangu ana miaka saba. Nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, na makofi yale mazito anayajua kama mchezo tu. Jana nilirudi kutoka kazini nikamkuta amejilaza kwenye kiti cha mfalme, kichwa upande huu, miguu imetupwa juu ya mkono wa upande ule, soksi zimetoboka, anacheza na simu yangu ya zamani. Nikapita jikoni, nikapakua chakula. Nikamwita chakula tayari, naye akaruka, akasimama bila kushika chochote, akakimbilia mezani, na hakujua kwamba amefanya jambo kubwa. Nikamshukuru Mungu kwa niaba yake.